Namna ya Kuandika Historia ya Kazi za Rais wa Marekani Kabla Hajaingia Ikulu

Katiba ya Marekani haimdai mgombea urais cheti chochote. Ibara yake ya pili inataka awe raia wa kuzaliwa, awe ametimiza umri wa miaka 35, na awe ameishi nchini kwa miaka 14; haisemi neno kuhusu shule aliyosoma wala kazi aliyoifanya. Ndiyo maana miongoni mwa wanaume 45 walioshika wadhifa huo tangu 1789 yumo mpima ardhi, fundi nguo, mhandisi wa migodi, mwigizaji wa filamu, mwenye duka la mashati lililokufa, na profesa mwenye shahada ya uzamivu. Mwalimu, mwanahabari au mwanafunzi anayetaka kuandika habari za mmoja wao hukutana na orodha za vyeo ambazo zimenakiliwa kutoka mkono hadi mkono, na vyeo hivyo vikiletwa katika Kiswahili bila uangalifu humpa msomaji picha ya mtu mwingine kabisa. Ninachokihimiza hapa ni jambo moja: kila unapokutana na cheo, uliza mtu huyo aliamka asubuhi akafanya nini, nani alimlipa, na alitokaje hapo kwenda kwingine.

Weka mpaka wa tarehe

Maneno "kabla ya kuingia madarakani" yanaonekana wazi mpaka mtu aanze kuandika. Tangu 1937 rais huapishwa tarehe 20 Januari, na kwa zaidi ya karne moja kabla ya hapo siku ya kawaida ilikuwa 4 Machi. Lakini marais tisa waliingia kwa sababu aliyewatangulia alifariki au alijiuzulu, na hao kila mmoja ana tarehe yake: Andrew Johnson aliapa 15 Aprili 1865, Harry Truman jioni ya 12 Aprili 1945, Gerald Ford 9 Agosti 1974. Grover Cleveland na Donald Trump wameingia mara mbili kwa vipindi visivyofuatana, kwa hiyo ni lazima uamue mapema kama unaandika habari za mtu kabla ya kiapo cha kwanza au cha pili. Cleveland, kwa mfano, alifanya kazi ya uwakili jijini New York kati ya 1889 na 1893, na kazi hiyo ina nafasi katika masimulizi ya muhula wa pili tu.

Mpaka huo pia utakusaidia kuacha mambo yanayovutia lakini hayahusiki. Wengi wetu Afrika Mashariki tunamkumbuka Theodore Roosevelt kwa safari yake ya uwindaji iliyoanzia Mombasa mwaka 1909, lakini alikuwa ameshaondoka madarakani wakati huo. Kilichomfikisha Ikulu ni kazi nyingine: ujumbe katika bunge la jimbo la New York, ufugaji wa ng'ombe katika eneo la Dakota, uongozi wa bodi ya polisi ya jiji la New York, unaibu waziri wa jeshi la majini, ugavana, kisha umakamu wa rais.

Jedwali la miaka

Chukua karatasi pana uigawe katika safu sita: mwaka, mahali, kazi, aliyemlipa, alivyoipata, alivyoiacha. Anza na mwaka ambao mhusika alipata ujira wake wa kwanza, hata kama alikuwa mtoto, na usiruke mwaka wowote. Miaka mitupu ndiyo yenye habari. Waandishi wavivu hupita kutoka cheo kikubwa hadi cheo kikubwa, na katikati hupotea miaka ambayo mtu alikuwa anahangaika kutafuta chakula cha watoto.

Tumtazame Ulysses Grant. Orodha fupi itasema alihitimu chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1843, akapigana katika vita vya Meksiko, akawa jenerali katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, akawa rais mwaka 1869. Jedwali lako likifika 1854 litakuonyesha alijiuzulu jeshini akiwa kapteni. Akaenda kulima karibu na St. Louis, Missouri, katika ardhi ya familia ya mkewe, akajijengea kwa mikono yake nyumba ya magogo aliyoiita Hardscrabble, jina lenye maana ya kuparura ardhi ngumu ili upate riziki. Alikata kuni na kuzipeleka mjini kwa mkokoteni kuziuza. Tarehe 23 Desemba 1857, siku mbili kabla ya Krismasi, aliweka rehani saa yake ya dhahabu kwa dola 22. Mwaka 1860 alihamia Galena, Illinois, kufanya kazi katika duka la bidhaa za ngozi la baba yake, ambamo wadogo zake walikuwa wameshamtangulia. Vita vilipoanza Aprili 1861 alikuwa nyuma ya kaunta hiyo. Miaka minane baadaye alikuwa rais. Mwandishi asiyeijua saa ile ya dhahabu hawezi kumweleza msomaji ni umbali gani mtu huyu alisafiri, wala kwa nini watu wa kawaida walimwamini.

Safu mbili za mwisho, yaani alivyoipata na alivyoiacha, zinahitaji uvumilivu zaidi kuliko nyingine. Tumia maneno machache yanayorudiwa: kuchaguliwa, kuteuliwa, kuajiriwa, kurithi, kujiajiri. Ukimaliza, utaona mara moja kama mtu huyu alijenga maisha yake kwa kura za watu, kwa hisani ya wakubwa, au kwa mali ya familia.

Vyeo vinavyopotosha

Hapa ndipo mwandishi wa Kiswahili ana kazi ambayo mwandishi wa Kiingereza hana, na ndipo ninapoomba utumie muda wako mwingi.

Harry Truman anaitwa jaji wa Kaunti ya Jackson, Missouri, na maandishi mengi yanalichukua neno hilo lilivyo. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika hivyo, nikaeleza kwamba rais huyo alitoka mahakamani, jambo ambalo si kweli. Mahakama ya kaunti katika Missouri ya wakati huo ilikuwa baraza la utawala lenye watu watatu, na kazi yao ilikuwa kusimamia barabara, majengo ya umma, kodi na wafanyakazi wa kaunti. Truman hakuwa na shahada yoyote ya chuo kikuu, na masomo ya sheria ya jioni aliyoyaanza Kansas City hakuyamaliza. Alichaguliwa kuwa mmoja wa watatu hao mwaka 1922, akashindwa mwaka 1924, kisha akachaguliwa kuwa mkuu wao mwaka 1926 na tena 1930. Kwa Kiswahili ni salama zaidi kuandika "mjumbe wa baraza la utawala la kaunti, baadaye mwenyekiti wake", na kueleza katika sentensi moja kwa nini Wamarekani wanamwita jaji. Tofauti hii ina uzito, kwa sababu mtu aliyezoea zabuni za barabara na makandarasi wenye marafiki wakubwa ana uzoefu ulio mbali sana na wa mtu aliyezoea kuandika hukumu.

Neno "gavana" lina mtego wake. Msomaji wa Kenya atamfikiria kiongozi wa kaunti aliyechaguliwa chini ya Katiba ya 2010, na msomaji wa Tanzania huenda akamfikiria mkuu wa Benki Kuu. Marais 17 wamewahi kuwa magavana wa majimbo ya Marekani, yaani wakuu wa serikali za majimbo, na wengi wao walichaguliwa na wananchi. William Howard Taft hayumo katika hesabu hiyo, ingawa aliitwa gavana wa Ufilipino kuanzia 1901. Yeye aliteuliwa kutoka Washington kutawala nchi ya watu wengine, na msomaji anayewakumbuka magavana wa Tanganyika wa enzi ya Mwingereza ataelewa mara moja ukimwambia hivyo.

Woodrow Wilson aliitwa rais wa Chuo Kikuu cha Princeton kuanzia 1902 hadi 1910, na Dwight Eisenhower alipewa cheo hicho hicho katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1948. Sisi tungemwita mtu huyo makamu mkuu wa chuo. Lakini usiwaweke wawili hao katika kapu moja: Wilson alipanda ngazi kama mwalimu na mwanazuoni, wakati Eisenhower alikwenda Columbia moja kwa moja kutoka jeshini, baada ya kuongoza majeshi ya Washirika barani Ulaya.

Unapoandika "waziri" au "naibu waziri", kumbuka kwamba katika Tanzania mtu huyo ni mbunge. Katiba ya Marekani inakataza mtu kuwa mbunge na kushika wadhifa wa serikali kuu kwa wakati mmoja. Herbert Hoover alikuwa Waziri wa Biashara kwa zaidi ya miaka saba bila kuwahi kuchaguliwa na wananchi kushika wadhifa wowote.

Neno linalonisumbua kuliko yote ni "mkulima". George Washington, Thomas Jefferson na James Madison huitwa wakulima katika vitabu vingi, na msomaji wa Kiswahili akisikia mkulima humwona mtu mwenye jembe begani. Washington alipofariki mwaka 1799, katika mashamba yake ya Mount Vernon walikuwa wanaishi watumwa 317. Andika basi "mmiliki wa mashamba makubwa yaliyolimwa na watumwa", hata kama sentensi itarefuka. Truman, kwa upande mwingine, alilima kweli katika shamba la familia huko Grandview kuanzia 1906 hadi 1917, akifuata plau iliyokokotwa na wanyama. Jimmy Carter naye huitwa mkulima wa karanga, na alikuwa hivyo, lakini riziki yake ilitokana pia na maghala na biashara ya mbegu aliyoikuza mjini Plains, Georgia, baada ya kuacha jeshi la majini mwaka 1953 baba yake alipofariki. Aina tatu za watu, neno moja, na maisha yasiyofanana hata kidogo.

Hata maneno yetu ya kila siku yanaweza kuteleza. Andrew Johnson alikuwa fundi wa kushona nguo, na mkono wa mwandishi wa Kiswahili unataka kuandika "fundi cherehani". Johnson alifunga mkataba wa uanagenzi akiwa mtoto huko Raleigh, North Carolina, akatoroka mwaka 1824, bwana wake akatangaza gazetini zawadi ya dola 10 kwa atakayemrudisha, naye akaishia kufungua duka lake Greeneville, Tennessee. Wakati huo hapakuwa na cherehani katika maduka ya aina hiyo. Kila mshono ulipita katika vidole vyake. Mwite fundi nguo, na useme alishona kwa mkono.

Kazi iliyofichwa na kazi nyingine

Wakati mwingine cheo ni sahihi lakini kinafunika jambo lililo muhimu zaidi. Ronald Reagan alikuwa mtangazaji wa michezo wa redio huko Iowa, kisha mwigizaji wa Hollywood kuanzia 1937, na watu wengi huishia hapo. Ukijaza jedwali lako kwa uaminifu utakuta alikuwa mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi cha waigizaji kuanzia 1947 hadi 1952, na tena mwaka 1959 hadi 1960, alipoongoza mgomo dhidi ya wamiliki wa studio. Utakuta pia kwamba kuanzia 1954 hadi 1962 alilipwa na kampuni ya General Electric kuendesha kipindi chake cha televisheni na kuzunguka katika viwanda vyake akihutubia wafanyakazi. Kujadiliana mezani na waajiri, na kusema mbele ya watu wa kiwandani wiki baada ya wiki, ndiko kulikomwandaa kwa ugavana wa California mwaka 1967 kuliko filamu yoyote aliyocheza.

Barack Obama naye anahitaji uangalifu wa aina yake, hasa kwetu. Wasomaji wa Kenya wanakijua kijiji cha Kogelo, alikotoka baba yake, na hupenda makala ianzie hapo. Lakini kazi zake zilifanyika Marekani: kuhamasisha wakazi wa kusini mwa Chicago kupitia makanisa yao kuanzia 1985 hadi 1988, kusomea sheria Harvard, kufanya uwakili wa haki za raia, kufundisha sheria ya katiba katika Chuo Kikuu cha Chicago kwa takribani miaka 12, na kukaa katika Seneti ya jimbo la Illinois kuanzia 1997 hadi 2004. Nasaba ipewe aya yake, na kazi zipewe zake.

Mawakili, kundi kubwa kuliko yote

Zaidi ya nusu ya marais wamewahi kuwa mawakili, kwa hiyo kuandika "alikuwa wakili" ni sawa na kutosema kitu. Uliza mambo mawili.

La kwanza ni njia aliyopitia. Katika karne ya 19 kijana aliweza kusomea sheria katika ofisi ya wakili mzoefu, akinakili hati na kusoma vitabu vya ofisi, mpaka alipothibitishwa kwamba anafaa. Abraham Lincoln hakuwa hata na ofisi ya kukaa. Alijisomea mwenyewe katika kijiji cha New Salem, Illinois, huku akiwa mkuu wa posta wa kijiji kuanzia 1833 hadi 1836 na msaidizi wa mpima ardhi. Stempu hazikuwapo bado, na kwa kawaida mpokeaji ndiye aliyelipia barua, hivyo mkuu wa posta alijua nani ana senti na nani hana. Alipata leseni ya uwakili mwaka 1836. Calvin Coolidge alihitimu chuo cha Amherst mwaka 1895 lakini sheria aliisomea ofisini mjini Northampton. Nixon, Ford, Clinton, Obama na Biden walipitia vitivo vya sheria vya vyuo vikuu.

La pili ni wateja wake. John Adams alikubali mwaka 1770 kuwatetea askari wa Kiingereza waliowapiga risasi raia mjini Boston, ingawa yeye mwenyewe alikuwa upande wa wakazi wa makoloni walioipinga serikali ya London. Kapteni wao aliachiwa huru, na kati ya askari wanane waliopandishwa kizimbani sita waliachiwa na wawili wakakutwa na hatia ya kuua bila kukusudia. Lincoln alizunguka mahakama za wilaya akiwa amepanda farasi, akitetea kesi za madeni, mipaka ya mashamba na mauaji, na alikuwa pia wakili wa kampuni ya reli ya Illinois Central, ambayo alilazimika kuishtaki ili alipwe ada ya dola 5,000.

Mlango wa mwisho

Kazi ya kwanza humvutia msomaji, lakini kazi ya mwisho ndiyo inayoeleza namna mtu alivyoingia Ikulu. Iandike katika aya ya kujitegemea. Marais 15 waliwahi kuwa makamu wa rais, na tisa kati yao ndio wale waliopandishwa na kifo au kujiuzulu. Maseneta watatu tu wamechaguliwa wakiwa bado katika viti vyao vya Seneti: Warren Harding mwaka 1920, John Kennedy mwaka 1960 na Obama mwaka 2008. James Garfield ndiye pekee aliyechaguliwa akiwa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi, mwaka 1880. Zachary Taylor, Grant na Eisenhower walitoka katika umaarufu wa vita bila kuwahi kuchaguliwa kushika wadhifa wa umma, na Trump peke yake hakuwahi kushika wadhifa wa serikali wala kutumikia jeshi kabla ya urais wake wa kwanza. Ford aliingia Ikulu bila kuchaguliwa kuwa rais wala makamu wa rais, kwa kuwa aliteuliwa kuwa makamu chini ya Marekebisho ya 25 ya Katiba.

Hakiki, hasa habari za kampeni

Wagombea wana sababu ya kupamba jasho lao. Mwaka 1840 wafuasi wa William Henry Harrison walimnadi kama mtu wa kibanda cha magogo, ilhali alizaliwa katika jumba la shamba kubwa la Berkeley, Virginia, na baba yake alitia saini Azimio la Uhuru. Mwaka 1860, katika mkutano wa chama mjini Decatur, Lincoln aliletewa mbao za uzio zilizosemekana kupasuliwa naye, na sifa ya mpasua mbao ikamfuata kampeni nzima. Alikuwa amepasua mbao kweli, miaka 30 kabla ya hapo. Wakati wa kampeni alikuwa wakili mwenye kipato kizuri. Kwa hiyo andika tarehe kando ya kila habari ya aina hii.

Kwa waliopitia bungeni, kamusi rasmi ya wasifu wa wabunge wa Marekani inatoa miaka na vyeo bila mapambo. Karatasi za marais wengi kutoka Washington hadi Coolidge zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge, na kuanzia Hoover kila rais ana hifadhi yake chini ya Idara ya Taifa ya Nyaraka. Fomu za sensa hufunguliwa baada ya miaka 72, na humo utasoma kazi ya mtu ilivyotajwa mlangoni kwake kabla hajajua kwamba siku moja atakuwa rais.

Jedwali la kujifunzia

Anza na Hoover, kwa kuwa maisha yake yanaijaribu kila safu. Alihitimu jiolojia Stanford mwaka 1895 na kazi yake ya kwanza ilikuwa kusukuma vigari vya mawe mgodini huko California, kwa ujira wa kibarua. Mwaka 1897 kampuni ya London ilimpeleka Australia kama mhandisi, na mwaka 1899 alikwenda China. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914 alikuwa London, akasaidia maelfu ya Wamarekani waliokwama kurudi kwao, kisha akaongoza ugawaji wa chakula kwa Wabelgiji waliokuwa chini ya majeshi ya Ujerumani. Mwaka 1917 alirudi kusimamia chakula cha taifa lake, mwaka 1921 akawa waziri, na mwaka 1928 akachaguliwa na wananchi kushika wadhifa kwa mara ya kwanza maishani mwake. Ukifika kwenye Ubelgiji, safu ya aliyemlipa itakuwa tupu, kwa sababu hakupokea mshahara kwa kazi hiyo. Usiiache hivyo, andika "hakulipwa", kisha uendelee na mstari unaofuata.